Neno "Haki" katika Biblia ya Kiswahili na Wito wa Kuitenda

Makala haya yametokana na swali la mama mmoja mjane, mkulima, katika darasa la Biblia nililohudhuria kama msikilizaji tu. Mwalimu wa dini alikuwa akifafanua Hotuba ya Mlimani, akafika kwenye heri ya nne, ile inayowasifu watu waitamanio haki kama mtu atamanivyo chakula na maji. Mama akauliza kama maneno hayo yamhusu yeye pia, kwa kuwa shamba aliloachiwa na marehemu mumewe limetwaliwa na shemeji zake, naye amekwenda barazani mara nyingi asipate kitu. Mwalimu akamjibu kwa upole mwingi, "Mama, haki inayosemwa hapa siyo hiyo. Hii ni haki ya rohoni." Mama akakaa, na somo likaendelea.

Siku ile sikusema neno, maana nilikuwa mgeni. Walakini kazi yangu ni lugha, na jibu lile halikuniacha. Mwalimu alijua kwa njia gani kwamba neno moja, katika kitabu kimoja, lina maana mbili zisizokutana, na ya kuwa mama ameshika ile isiyofaa? Kamusi haikumwambia hivyo. Nakusudia kuonyesha kwamba mama yule alisikia vema, kwa kadiri ya Kiswahili na kwa kadiri ya lugha ambazo Maandiko yalitungwa kwazo. Na ya kwamba njia aliyopita mwalimu imesafishwa kwa muda mrefu na baadhi ya wafasiri, na kwa desturi za usemi zilizoingia makanisani mwetu.

Tuanze na neno lenyewe. "Haki" ni neno la asili ya Kiarabu, na katika Kiarabu lina maana ya kweli, na ya jambo lililo thabiti, na ya kitu kilicho wajibu kwa mtu kukipata. Tena ni mojawapo ya majina ya Mwenyezi Mungu. Kiswahili hakikupokea yote hayo kwa kipimo kilekile. Maana ya kweli imebaki hasa katika viapo, mtu asemapo "haki ya Mungu." Iliyostawi ni ile ya stahili: kitu ambacho mtu akinyimwa, amedhulumiwa. Tazama vitenzi vinavyoandamana na neno hili katika mazungumzo ya kila siku. Watu hupewa haki, hunyimwa haki, hudai haki, hupigania haki, hula haki ya mwenziwe. Hakuna hata kimoja kinachomhusu mtu akiwa peke yake chumbani. Kila kimoja kina watu wawili ndani yake, na baina yao kipo kitu: shamba, ujira, mirathi, heshima.

Njia nyingine ya kulipima neno ni kutafuta kinyume chake. Muulize Mswahili yeyote, wa Lamu au wa Ujiji, Mwislamu au Mkristo, kinyume cha haki ni nini. Atakujibu bila kufikiri: dhuluma. Hatasema dhambi. Mimbarini, hata hivyo, mara nyingi nimesikia haki ikiwekwa mkabala wa dhambi, na dhambi yenyewe ikifafanuliwa kwa ulevi, uzinzi na uchawi, mambo ambayo kweli ni mabaya. Lakini dhuluma imetoweka katika orodha. Neno likibadilishiwa kinyume chake, limebadilishwa maana, ingawa herufi zake ni zilezile.

Ipo na methali ya wazee: Mnyonge hana haki. Methali hiyo haisemi kwamba mnyonge si mtu mwema. Yasema, kwa uchungu, kwamba lililo lake halimfikii. Nitaitumia tena hapa chini kama mizani.

Sasa tuwaangalie wafasiri. Karl Roehl, mmisionari Mjerumani, aliitoa Biblia yake nzima mwaka 1937. Jambo lililomsumbua Roehl ni wingi wa maneno ya Kiarabu katika Kiswahili cha pwani. Aliona Wakristo wa bara watahitaji lugha iliyo karibu zaidi na asili ya Kibantu, akayaondoa maneno mengi ya Kiarabu kadiri alivyoweza. Mradi huo umekwisha kujadiliwa na wengi, nami sitaurudia wote. Nalitazama neno letu tu. Mahali pa "haki" Roehl aliweka "wongofu", na mwenye haki akawa "mwongofu."

Kwa sauti na kwa sura ni neno zuri, lenye mzizi wa Kibantu usio na shaka. Lakini tuliweke kwenye mizani. Mnyonge hana wongofu. Je, kuna mtu atakayeifahamu methali hiyo? Mjane aweza kwenda barazani kudai wongofu wake? Wongofu ni hali ya mtu aliyeongozwa akaifuata njia iliyonyoka. Ni jambo la mtu na njia yake. Hauna mwenzi wa pili, wala shamba katikati. Roehl alikusudia kuondoa Kiarabu tu, nadhani, wala hakukusudia kumpokonya mjane neno lake. Lakini lilipoondoka neno, limeondoka pamoja na watu wawili waliokuwa ndani yake. Hili ni fundisho kubwa kwa wote wanaotaka kusafisha lugha. Neno la kigeni lililokaa mdomoni mwa watu kwa karne nyingi si mgeni tena, maana limezaa watoto, na ukilifukuza unafukuza ukoo mzima.

Biblia ya Muungano ya mwaka 1952, iliyotafutwa ili watu wa Mombasa na wa Unguja wapate kitabu kimoja, ililishika neno "haki". Katika Mathayo, katika Warumi na katika Zaburi, ni haki. Hapa yafaa niseme jambo ambalo wasomaji wa Kiingereza hawalitambui upesi. Kiingereza kina maneno mawili: "righteousness" na "justice". La kwanza ni unyofu wa mtu mbele ya Mungu, na la pili ni jambo la baraza na serikali. Katika Agano Jipya la Kiingereza la 1611 neno la pili halionekani kabisa. Basi Mwingereza anaweza kulisoma Agano Jipya lote asikutane na jina la kitu ambacho hakimu hugawa. Nilipokuwa mwanafunzi ng'ambo niliwaeleza wenzangu kwamba kwetu sisi hayo mawili ni neno moja, wakanihurumia, wakidhani lugha yetu ni maskini. Mimi niliona, na bado naona, kwamba Kiyunani kiko upande wetu. "Dikaiosyne" ya Mathayo ndiyo hiyo hiyo ambayo wanafalsafa wa Athens waliitumia walipojadili namna ya kuendesha mji. Wafasiri wa 1952 walipoandika "haki", walimpa Mswahili kitu ambacho Mwingereza hana budi kukifikia kwa maelezo ya chini ya ukurasa.

Mfano ulio bora zaidi umo katika Luka 18, na ni ajabu kwamba mwalimu yule hakuukumbuka, maana mwenye kusemwa humo ni mjane. Mwanamke yule anamwendea kadhi kila siku ili apatiwe haki juu ya adui yake. Katika Kiyunani maneno makuu ya kisa hiki yametoka katika shina moja: kitenzi anachotumia mjane, jina la mpinzani wake, na sifa mbaya ya kadhi mwenyewe, yote yana "dik-" ndani yake, shina lile lile la heri ya nne. Kiswahili cha Muungano hakikuweza kulihifadhi shina, lakini kililihifadhi wazo kwa njia yake. Mjane ataka haki, na kadhi anaitwa dhalimu. Haki na dhuluma zimesimama uso kwa uso, kama zisimamavyo katika baraza zetu. Na Bwana analitoa hadithi hii akifundisha nini? Anafundisha kusali. Kama kuna mahali ambapo madai ya shamba na maombi ya mtu wa Mungu yametiwa katika chungu kimoja, ndipo hapa.

Kadhalika usemi "mwenye haki". Kwa desturi ya kanisa ni mtu mtakatifu. Kwa desturi ya baraza ni mtu ambaye shauri ni lake, aliyepaswa kushinda kesi. Nabii Amosi, katika sura ya pili, anawashutumu Waisraeli kwamba wamemwuza mwenye haki kwa fedha. Waebrania walipolisikia neno hilo walifahamu maana ya pili kabla ya ile ya kwanza: mtu asiye na hatia, ambaye shauri lake ni safi, ameuzwa kwa rushwa. Mswahili anayelisoma kwa masikio ya baraza amemfahamu Amosi. Anayelisoma kwa masikio ya mimbari anadhani kwamba wameuzwa wacha Mungu fulani, tena wa zamani sana.

Sitaki msomaji adhani kwamba naisifu Biblia ya 1952 bila kipimo. Ina makosa mawili makubwa katika jambo hili hili. La kwanza ni Amosi 5:24, mstari ambao Martin Luther King aliutumia Washington mwezi wa Agosti 1963, na ambao labda ndio mashuhuri kuliko yote katika mapambano ya Wakristo dhidi ya uonevu. Nabii anataja vitu viwili, "mishpat" na "tsedaka", na anataka vitiririke kama maji. Neno la pili limefasiriwa haki. La kwanza limefasiriwa "hukumu", kama lilivyo katika Biblia ya Kiingereza ya 1611. Hukumu! Katika Kiswahili cha leo hukumu ni neno la mwisho la hakimu, na kwa masikio ya wengi ni adhabu: mtu "amehukumiwa" maana yake amefungwa. Siku ya hukumu ni siku ya kutisha. Basi msikilizaji anayasikia maji hayo kuwa ni gharika, ghadhabu inayoporomoka juu ya wenye dhambi, ilhali nabii alitaka mto wa kunywesha nchi. Nimewahi kusikia mahubiri mazima juu ya mstari huu yaliyokuwa ya moto na kiama, na mhubiri hakukosa kusoma, alisoma kilichoandikwa. Cha kusikitisha zaidi, wafasiri hao hao walipofika Mika 6:8 walilifasiri neno hilo hilo la "mishpat" kwa haki, na kwa hiyo mstari ule umeeleweka na kupendwa. Walikuwa nalo jibu mkononi.

Kosa la pili ni dogo lakini lafundisha mengi. Katika Mathayo 6:1 "dikaiosyne" imefasiriwa "wema", nayo mistari inayofuata ni ya sadaka. Hapa wafasiri wana udhuru, kwa sababu nakala za kale zenyewe zimehitilafiana: nyingine zina neno la haki, na nyingine zina neno la sadaka. Maana yake ni kwamba hata wanakili wa kale walijiuliza kama kumpa maskini ni haki au ni huruma.

Na hapa hatuna budi kulitazama neno "sadaka" lenyewe, kwa sababu lina kisa cha kustaajabisha. "Tsedaka" ya Kiebrania ndiyo haki ya manabii. Baadaye Wayahudi waliitumia kwa maana ya kile anachopewa maskini, kwa kuwa waliona kwamba kumpa maskini ni kumrudishia lililo lake. Ndugu yake katika Kiarabu amefuata njia hiyo hiyo, akaingia katika Kiswahili kwa sura ya sadaka. Kwa hiyo katika damu ya neno hili kuna haki. Lakini Wakristo wa Kiswahili walilitia neno hilo kazi nyingine pia, kuwa jina la kitu kinachotolewa madhabahuni; na leo, Jumapili, sadaka ni fedha iliyomo kapuni. Ndipo tunapofika Hosea 6:6, ambapo Mungu anakataa sadaka na kutaka fadhili, na Mathayo 9:13, ambapo Yesu anamkumbuka Hosea. Neno ambalo nasaba yake ni haki limejikuta upande wa kile anachokikataa Mungu! Hakuna mfasiri wa kulaumiwa. Lugha ndivyo zilivyo, watoto wa mama mmoja hukutana vitani bila kujuana. Ila mhubiri anayejua nasaba hiyo angeweza kuwaambia watu wake kitu ambacho mhubiri wa Kiingereza hawezi kukisema.

Katika miaka ya 1990 tulipata Biblia ya Habari Njema, iliyofanywa kwa ushirikiano wa Wakatoliki na Waprotestanti, kwa Kiswahili chepesi cha watu wote. Shabaha yake ilikuwa kutoa maana badala ya kufuata neno kwa neno, na mahali pengi imefaulu vizuri. Katika Amosi 5:24 imeondoa "hukumu" ikaweka "haki", na kwa jambo hilo peke yake nastahili kuwashukuru. Mkabala wake iliweka "uadilifu". Neno hili nalo lina kisa: katika Kiarabu asili yake ni uamuzi wa haki baina ya watu, lakini katika Kiswahili limejitenga likawa mwenendo mzuri wa mtu, twasema maadili ya viongozi, na mtoto mwadilifu. Si kosa. Linapunguza mto kidogo tu.

Tatizo liko katika Mathayo. Heri ya nne, na ile ya wanaoteswa, hazina "haki" tena. Mahali pake pana maneno ya kufanya atakavyo Mungu. Na katika 6:33 haki ya Mungu imekuwa matakwa yake. Wafasiri walifikiri nini? Bila shaka waliona kwamba "dikaiosyne" ya Mathayo ni utii, jambo ambalo wafafanuzi wengi husema, wakaogopa kwamba msomaji wa kawaida akisikia "haki" atafikiria madai yake mwenyewe. Yaani walimwogopa mjane wangu. Na woga wao una sababu, nitakiri. Lakini tazama matokeo. Nani asiyejidai kwamba hufanya atakavyo Mungu? Shemeji waliotwaa shamba pia husali. "Atakavyo Mungu" ni chombo kitupu, kila mtu hutia humo alicho nacho. "Haki" ni chombo kilichokwisha kujaa. Biblia ya Habari Njema imempa Amosi kile ilichomnyang'anya Yesu, na msomaji asiyejua lugha za asili hawezi kuona kwamba nabii na Bwana walikuwa wakisema jambo moja.

Mtu atauliza, na ndilo swali zito kuliko yote: Je, Paulo? Mwalimu yule alipotaja haki ya rohoni, nadhani mawazo yake yalikuwa katika Waraka kwa Warumi, kwenye usemi "kuhesabiwa haki". Usemi huu ni wa Kikristo tupu. Sijausikia popote nje ya kanisa. Umetungwa kwa ustadi, maana kitenzi cha hesabu kimechukua picha ya daftari, na haki imekuwa kitu kinachoandikwa upande wa mtu ambaye hakukichuma. Nami sina neno la kupinga mafundisho ya imani hapa. Mimi si mtheolojia. Kama mtu wa lugha naona hivi. Usemi mmoja wa kitaalamu, uliotengenezwa kwa ajili ya hoja ya waraka mmoja, umekuwa kamusi ya kusomea vitabu vingine vyote. Kila penye "haki" mhubiri asikia "kuhesabiwa haki". Tena hata ndani ya picha hiyo ya daftari hoja haisimami, kwa kuwa Bwana alikwisha kuisimulia habari ya mtu aliyesamehewa deni la talanta elfu kumi, kisha akamkaba mwenzake koo kwa dinari mia. Aliyefutiwa deni bure ndiye anayedaiwa zaidi kumtendea mwenzake vema. Daftari halikufungwa, ukurasa umegeuzwa tu.

Nikubali upungufu mmoja wa neno letu. "Haki" ni jina la ngeli ambayo umoja na wingi wake ni sawa, nasi hutofautisha kwa upatanisho tu: haki yake, haki zake. Haki ikiwa moja ni jambo kubwa linalotutawala sote; zikiwa nyingi ni vitu ambavyo kila mtu anavidai kwa mwenziwe. Siku hizi, kwa ajili ya maneno ya sheria na siasa, wingi unaushinda umoja. Twasikia haki za watoto, haki za wafanyakazi, haki za binadamu, na ni vema tuzisikie. Ila Mathayo 6:33 ni umoja: haki yake, yaani ya Mungu. Mwenye kuitafuta hiyo hawezi kuanza na yake mwenyewe. Ataanza na ya yule aliye mnyonge kuliko yeye. Wafasiri wa Habari Njema walipouogopa upungufu huu dawa ilikuwa karibu nao, katika kiambishi kimoja.

Nimesema mengi juu ya maneno, na msomaji aweza kuona kwamba ni michezo ya wasomi. Basi nitoe mfano mmoja wa matendo, kutoka katika historia ya pwani yetu. Frank Weston alifika Unguja mwaka 1898, akawa Askofu wa Zanzibar kuanzia 1908 hadi alipofariki mwaka 1924. Alikuwa Mwanglikana wa mrengo wa Kikatoliki, mwenye kushika sana ibada, uvumba na tabenakulo. Mwaka 1919 Gavana Edward Northey wa himaya ya Kiingereza ya Afrika ya Mashariki, nchi iliyoitwa Kenya mwaka uliofuata, alitoa waraka uliowaagiza maofisa na machifu wawahimize watu kwenda kufanya kazi katika mashamba ya walowezi. Angalia neno lile, kuhimiza. Afisa akimhimiza chifu, na chifu akimhimiza mtu mwenye shamba lake la mahindi, hapana anayekosa kujua maana. Kiswahili cha zamani kina jina lake wazi: shokoa.

Maaskofu wa Mombasa na Uganda, pamoja na kiongozi wa misheni ya Waskoti, waliandika waraka wao. Walilalamika juu ya uonevu utakaotokea. Lakini walikubali kwamba kazi ya lazima yaweza kuruhusiwa kwa masharti, chini ya uangalizi wa serikali. Walikuwa watu wema, na waraka wao ni wa watu wema: wanaomba dhuluma ipunguzwe, itiwe adabu. Weston alikataa. Mwaka 1920 alitoa kijitabu alichokiita "The Serfs of Great Britain", yaani watwana wa Uingereza, akasema kwamba kumlazimisha mtu amfanyie kazi mtu binafsi ni utumwa, hata ukipewa jina gani. Yeye na wenzake walioshughulika London, hasa J. H. Oldham, walisukuma shauri hilo mpaka mwaka 1921 Waziri wa Makoloni, Winston Churchill, alipowakataza maofisa wa serikali kuwatafutia walowezi vibarua. Shokoa haikwisha kwa siku moja, wala kipande, lakini serikali ilirudi nyuma.

Mwaka 1923 Weston alihutubia mkutano mkuu wa Waanglikana wenzake katika London, watu waliokuwa wakipigania ruhusa ya kuweka tabenakulo makanisani mwao. Aliwaambia kwamba wakiisha kumsujudia Yesu katika tabenakulo hawana budi kutoka na kumtafuta yeye yule katika mitaa ya maskini, katika watu wasio na nguo na wanaofanyishwa kazi kwa ujira wa dhuluma. Hakuziona hizo kuwa kazi mbili. Sidai kwamba Kiswahili ndicho kilichomfundisha. Theolojia yake ya Umwilisho ilitosha. Lakini alikuwa mtu aliyehubiri kwa Kiswahili kwa zaidi ya miaka 20, katika mji ambao kanisa kuu lake limejengwa mahali palipokuwa soko la watumwa, na kila aliposoma heri ya nne mbele ya watu wake ilikuwa lazima wamsikie kwa masikio ya watu wanaojua bei ya mtu.

Hapo ndipo ninapoingiwa na wasiwasi juu ya usemi mpya, "haki ya kijamii". Asili yake si ya kwetu. Mjesuiti Luigi Taparelli aliutumia kwa Kiitaliano katika miaka ya 1840, na Papa Pius XI aliueneza kwa Kilatini katika waraka wake wa 1931. Huko ulikuwa na kazi ya kufanya, kwa sababu neno lao la haki lilikuwa limekwisha kupunguzwa likawa la mapatano baina ya muuzaji na mnunuzi. Je, katika Kiswahili usemi huo wafanya kazi gani? Mtu akisema "chai ya maziwa", ametujulisha kwamba iko na ya rangi. Akisema "haki ya kijamii", ametujulisha kwamba iko haki nyingine isiyokuwa ya jamii, na kila Mkristo atadhani kwamba hiyo ndiyo iliyo bora zaidi, ndiyo ya Warumi, ndiyo ya rohoni. Sifa iliyoongezwa ili kuitukuza haki imeipunguzia daraja. Kisha hupewa kamati yake, na Jumapili yake moja katika mwaka, na mwenyekiti. Zikilinganishwa na hayo, tume zilizofuata ile ya Vatikani ya mwaka 1967 zilibahatika katika jina la Kiswahili: Haki na Amani, bila kivumishi chochote. Na Maaskofu wa Kikatoliki walipokutana Roma mwaka 1971 walisema kwamba kutenda kwa ajili ya haki ni sehemu ya kuihubiri Injili yenyewe, wala si nyongeza yake. Kwa Kiingereza sentensi hiyo ilihitaji ujasiri mkubwa na mabishano ya miaka. Kwa Kiswahili ilikuwa karibu kuwa maana ya neno.

Mwalimu Nyerere, alipowahutubia Masista wa Maryknoll huko New York mwezi wa Oktoba 1970, alilisema jambo hilo hilo kwa ukali zaidi. Alisema kwamba Kanisa likiridhika kuwapa maskini misaada bila kuupinga mpangilio unaowafanya kuwa maskini, watu wataliona halina maana kwao. Aliyasema kwa Kiingereza. Lakini yeye ndiye aliyemfasiri Shakespeare mwaka 1969, akawaita wafanya biashara wa Venice "mabepari", na baadhi ya wakosoaji wakanung'unika. Alijua ya kuwa mfasiri akichagua neno amechagua na watu watakaolisikia.

Itakapofika siku ya kuipitia tena Biblia ya Kiswahili, nitapendekeza mambo machache. Katika Mathayo sura ya 5 na ya 6 "haki" irudishwe na isiguswe. Katika Amosi 5:24 "hukumu" iondolewe. "Mwenye haki" ibaki pamoja na utata wake, kwa kuwa utata huo ni wa Kiebrania pia. Kuhusu Mathayo 6:1 sina neno la kutoa. "Wema" ni mpana mno, "sadaka" inatangulia mistari inayofuata, na "haki" peke yake itamfanya msomaji ashangae mtu awezaje kuifanya mbele za watu ili atazamwe. Ingawa, nikiwaza mikutano ya hadhara niliyoiona, sijui kama angeshangaa sana. Huenda Kimvita au Kiamu kina usemi ambao sisi wa Kiunguja hatunao, nami ningefurahi kuupata kutoka kwa wenzangu wa huko.